Chachage, Dhahabu ya Kahama na Ukimya Wetu

Profesa Seithy Chachage alifariki dunia Julai 2006, na tangu hapo imekuwa rahisi sana kumsifu. Marehemu habishi. Haombi nafasi ya kuchangia katika semina, wala haulizi posho ya semina hiyo imetoka mfuko gani. Wahadhiri wanaomtaja kwa heshima katika utangulizi wa mada zao, nami nimo, ndio hao hao wanaokwepa kwa uangalifu mkubwa kila jambo alilolisimamia.

Makala haya nayaelekeza kwetu wasomi, si kwa kampuni za madini. Kampuni hazijawahi kutuficha kwamba zimekuja kutafuta faida. Sisi ndio tuliojitangaza kuwa tunatafuta ukweli.

Chachage alizaliwa Njombe mwaka 1955. Alifundisha sosholojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuongoza jumuiya ya wanataaluma wake, UDASA. Wengi wanamjua kwa riwaya, hasa Makuadi wa Soko Huria ya mwaka 2002, iliyochota kutoka mgogoro wa mradi wa ufugaji wa kamba katika delta ya Rufiji. Neno "kuwadi" hakulichagua kwa utani. Alikuwa akimsema mtu wa kati: msomi, ofisa, mwanasiasa, yule anayelipwa ili kumkutanisha mwenye mtaji na mali isiyo ya kwake. Na aliisema kwa Kiswahili, lugha ambayo mkulima wa Rufiji angeweza kumjibu. Wengi wetu hoja zetu kali tunazifungia katika majarida ya Kiingereza, mahali ambapo hazimkeri mtu.

Kabla ya riwaya hiyo alikuwa ameshaandika juu ya madini. Insha yake iliyotoka mwaka 1995 ilibeba kichwa cha kejeli: wapole watairithi nchi, bali si haki za madini. Kumbuka hali ilivyokuwa. Kuanzia mwaka 1990 Benki Kuu ilinunua dhahabu ya wachimbaji wadogo kwa bei iliyokaribia ile ya magendo, na mauzo rasmi yakapanda sana. Waliochimba kwa sururu walikuwa wameonyesha kwamba wanaweza kuliingizia taifa fedha za kigeni. Wakati huo huo sera ilikuwa inageuzwa ili iwapishe wageni wenye mitaji. Chachage alikataa kuishia kwenye swali la dhahabu inapatikana kiasi gani. Aliuliza nani analimbikiza, na nani anaondolewa ili ulimbikizaji huo uwezekane.

Jibu lilikuja mwaka mmoja baadaye, Bulyanhulu. Agosti 1996 maelfu ya wachimbaji wadogo waliondolewa katika eneo ambalo kampuni ya Sutton Resources ya Kanada ilikuwa imepewa mwaka 1994, na maduara yao yakafukiwa. Ilidaiwa kwamba watu zaidi ya 50 walifukiwa wakiwa hai. Serikali na kampuni zilikanusha, na ofisi ya usuluhishi ya Benki ya Dunia nayo ikasema haikuona ushahidi wa madai hayo. Mawakili wa LEAT, Tundu Lissu na Rugemeleza Nshala, waliodai uchunguzi huru, walishtakiwa kwa uchochezi. Barrick iliinunua Sutton mwaka 1999 na mgodi ukaanza kuzalisha mwaka 2001. Nauliza tu: katika nchi yenye idara za sosholojia, sheria na historia, ilikuwaje kazi ya kukusanya maneno ya walioondolewa iachwe kwa mawakili wachache wa shirika moja?

Najua nitakavyojibiwa, hasa na ndugu zangu walioko wizarani. Wataniambia hayo yamepita, sheria za 2017 zimerekebisha mambo, mrabaha wa dhahabu ni asilimia 6, serikali ina hisa zisizopungua asilimia 16, na tunayo Twiga. Sibezi. Mrabaha wa asilimia 3 uliowekwa na sheria ya 1998 ulikuwa aibu, na aliyeupandisha alifanya jambo jema. Lakini mjadala wote huo ni mgawo baina ya hazina na kampuni. Nenda Nyarugusu, nenda Mwakitolyo, utazame viroba vya mawe vinavyogawanywa pembeni ya duara. Kuna fungu la mwenye leseni, la mwenye duara, la mwenye shamba. Mwenye karasha naye anasubiri chake. Kijana aliyeshuka kwa kamba anapata kinachobaki, kisha anakwenda kukioshea kwenye zebaki. Sisi wote hao tunawaita "wachimbaji wadogo", mwenye leseni anayeishi Mwanza na huyo mwenye kamba, kana kwamba ni watu wa hali moja. Kuwatenganisha ndiyo kazi ya sosholojia. Hatuifanyi kwa sababu hakuna mteja aliyeiagiza.

Nije kwangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mmoja wa washauri waliofanya utafiti wa kijamii katika vijiji vinavyopakana na eneo la uchimbaji mkoani Shinyanga. Mama mmoja aliyehamishwa mara mbili alinihoji kabla sijamhoji. "Mwalimu, wenzako walishakuja wakaandika. Walichoandika kiko wapi?" Nilimwahidi kwamba safari hii itakuwa tofauti. Ripoti ilipopita kwa aliyetuajiri, sehemu yote ya uhamishaji ilirudi imekatwa, na maelezo mafupi kwamba "haiendani na hadidu za rejea". Nilitia sahihi. Malipo ya awamu ya mwisho yaliingia wiki iliyofuata, nikayatumia kupaua nyumba.

Mkataba ulisema ripoti ni mali ya mteja. Yaani maelezo ya maisha ya yule mama, kwa maneno yake mwenyewe, yeye haruhusiwi kuyasoma. Kama kuna neno la kuelezea kazi niliyoifanya pale, Chachage alishaliweka kwenye jalada la kitabu.

Watumishi wa umma mnaosoma hapa, ninyi ndio mnaopokea ripoti hizi. Daini zibandikwe katika ofisi za vijiji, kwa Kiswahili. Wanafunzi, waulizeni wahadhiri wenu majina ya wateja wao. Mwanzeni na mimi.

Kurasa zilizokatwa bado ninazo, ziko nne. Muhula huu nimezipanga kama somo la juma la tatu, baada ya insha ya 1995. Kabla ya hapo nitapanda basi kwenda Kahama kumtafuta yule mama, nimsomee.