Sulhu Ni Kheri, Lakini Iwe ya Haki

Imekuwa desturi katika jamii yetu kwamba ndugu wakigombea kiwanja, au mume na mke wakishindwana, neno la kwanza ni "tukutane mahakamani". Kesi hufunguliwa, miaka hupita, gharama huongezeka, na hukumu itokapo, mshindi hupata kiwanja akampoteza ndugu.

Hali hii inasikitisha zaidi kwa kuwa sheria za Tanzania zenyewe, katika mambo mengi, hazikuifanya mahakama kuwa mlango wa kwanza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu kuomba talaka mahakamani kabla Baraza la Usuluhishi la Ndoa halijathibitisha kuwa limeshindwa kuwapatanisha wanandoa, isipokuwa katika hali maalumu zilizotajwa. Mgogoro wa ardhi hupita kwanza Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, wala si kuhukumu. Likishindwa ndani ya siku 30, mdai huendelea mbele. Naye mfanyakazi aliyeachishwa kazi huenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004.

Jina la Tume hiyo lina funzo. Usuluhishi si uamuzi. Msuluhishi huwasaidia wagombanao wafikie mapatano yao wenyewe, wala hawezi kumlazimisha yeyote. Mwamuzi husikiliza ushahidi wa pande zote, kisha hutoa tuzo inayowafunga. Anayeingia katika kikao bila kujua ni kipi kati ya hivi viwili, huenda akatoka amefungwa na jambo asilolikusudia.

Kwa Mwislamu hili si geni. Qur'ani Tukufu, Sura An-Nisaa aya ya 35, inaelekeza kwamba ikihofiwa mfarakano kati ya mume na mke, ateuliwe mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke. Tazama hekima yake: kila upande una mtu wake.

Na hapo ndipo tunapokosea. Ni mara ngapi mjane ameketishwa peke yake mbele ya mashemeji, akaambiwa atie saini kwa ajili ya amani ya ukoo, na fungu lake la mirathi likapotea? Ni mara ngapi mke aliyepigwa amerudishwa kwa mumewe kwa nasaha ya subira tu? Tumefundishwa kwamba sulhu inajuzu, ila ile inayohalalisha haramu au kuharamisha halali. Kumnyamazisha mnyonge ni dhuluma iliyovikwa kanzu ya sulhu, na kwa mtu wa namna hiyo mlango wa mahakama ni lazima ubaki wazi.

Basi, ndugu msomaji, ukiitwa kusuluhisha, hakikisha kila upande una mtu wake, mapatano yaandikwe, na mashahidi wawepo. Nawe uliyeachishwa kazi, usiwangoje wazee wakuombee kwa mwajiri huku siku zikipita: una siku 30 tu kufikisha shauri lako Tume, na ukichelewa itakulazimu kwanza utoe sababu za kutosha.

Mwenyezi Mungu atujaalie kupatana kwa haki, wala si kwa woga. Amin.