Tupange kompyuta kama tunavyopanga jiko



Katika vikundi vyetu kazi ya picha haiishi: kadi za wanamemba, karatasi ya kubandika kwenye sabuni tunazouza, mwaliko wa ndoa, picha ya mtoto anayeandikishwa masomo. Pengine kompyuta iko pale pale kwa kikundi, lakini tunapeleka picha kwa kijana wa sekretariati barabarani. Tunatoa makuta. Na zaidi ya makuta, sura za watoto wetu zinabaki ndani ya mashini ya mtu tusiyemjua vizuri.

Ukiuliza sababu, mama wanajibu: "Ile programu ina mambo mengi." Ni kweli. Fungueni GIMP, programu ya kutengeneza picha isiyolipiwa: kushoto alama nyingi ndogo ndogo, juu orodha ndefu za maneno ya Kifaransa. Mtu anaogopa kugusa asije akaharibu. Mimi kama mwalimu ninasema: shida si kichwa cha mama, shida ni meza iliyojaa.

Angalieni jikoni kwenu. Mwiko wa bukari unakaa karibu na mbabula. Sufuria kubwa ya ndoa inakaa pembeni. Siku yake ikifika, tunaitoa. Hakuna aliyeitupa. Programu nayo inakubali kupangwa vile vile.

Katika GIMP 2.10 ya Kifaransa, fanyeni hivi:

1. Bonyezeni Édition, halafu Préférences. Tafuteni Interface, na chini yake Boîte à outils.

2. Tangu mwaka 2020, GIMP inarundika vyombo vinavyofanana chini ya alama moja. Kama inawachanganya, ondoeni pale pale alama ya kuvipanga kwa makundi.

3. Mtaona orodha ya vyombo, kila kimoja na jicho kando yake. Bonyezeni jicho, na chombo kitatoka mbele yenu. Kwa kuanza, bakizeni vitano: cha kuchagua sehemu, cha kukata kingo za picha, cha kuandika maneno, cha kusogeza, na cha kufuta.

4. Kubalini, mfunge dirisha.

Kilichofichwa hakikufa. Bado kiko juu, katika orodha ya Outils, na jicho lile lile linakirudisha.

Kama kompyuta inatumiwa na watu wengi, fungueni konti ya kikundi peke yake. Mpango wa GIMP unafuata konti, kwa hiyo watoto wakiingia kwa konti yao hawatavuruga meza yenu. Na picha za wanamemba zikae katika konti hiyo, yenye neno la siri.

Wanaotumia Photoshop, ambayo inalipiwa, waende Édition, halafu Menus. Pale wanaweza kuficha maneno ndani ya orodha zenyewe, na kutia rangi yale ya kila siku. Hiyo inamsaidia sana mama ambaye bado anasoma Kifaransa polepole: anafuata rangi, na kidogo kidogo anazoea neno.

Jambo moja linalokwamisha wengi: katika GIMP, Enregistrer inatunza kazi kwa namna ya XCF, na mara nyingi simu haitafungua picha hiyo. Ikiwa mnataka kuituma au kuichapisha, pitieni Fichier, halafu Exporter sous, na jina liishe na .jpg.

Kazi ya juma hili: mama wawili wakae mbele ya kompyuta moja. Wachukue picha moja, wakate kingo, waandike jina la kikundi, waitoe kwa .jpg. Halafu wabadilishane nafasi. Na hii ni sheria ya darasa langu: anayejua asikamate kipanya. Aonyeshe kwa kidole, mwenzake afanye kwa mkono wake, hata akichelewa. Tukimfanyia mtu kazi yake, kesho atarudi tena kuomba.

Vyombo vitano vikizoeleka, fungueni jicho la cha sita. Ndivyo tunavyofundisha watoto kusoma: hatuwapi herufi zote siku moja.

Kazi njema, mama.