Nyika ya Taita si shamba tupu, kijana

Ukipanda SGR kutoka Mombasa, ukikaribia Voi hebu weka simu chini kidogo, uchungulie dirishani. Vichaka, udongo mwekundu, na ukibahatika, ndovu wenye rangi ya udongo huo. Utasema, "Hii ni Tsavo." Si lazima iwe Tsavo.

Mbuga za Tsavo, zilizotengwa 1948, zimechukua zaidi ya asilimia 60 ya ardhi ya Taita Taveta. Katikati yake kuna ranchi: Rukinga, Sagalla, Kasigau, Mgeno na nyinginezo. Ndovu hupita humo akitoka Tsavo moja kwenda nyingine, na ng'ombe hulishwa humo humo. Thamani yake ni huo uwazi wenyewe. Ukikata viploti na kuweka ua, ndovu hapotei, anahamia kijijini.

Ndiyo maana kuna msukumo wa kuzigeuza ranchi kuwa hifadhi za jamii. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inatambua hifadhi za aina hii, na mwenye ardhi habaki mikono mitupu kama ilivyokuwa mbuga zilipotengwa. LUMO ni mfano: ranchi za Lualenyi, Mramba na Oza ziliungana. Kule Kasigau, misitu ya nyika imekuwa ikiuza hewa ya kaboni tangu 2011.

Lakini wacha tuambiane ukweli. Kwa mkulima wa Sagalla, "pori la kupendeza" ni ndovu anayemaliza mahindi usiku mmoja. Sheria inataja fidia ya Sh5 milioni mtu akiuawa, ila familia nyingi zimelalamika kuwa malipo hukawia miaka. Wengine wamejitetea kwa ua wa mizinga: ndovu huogopa nyuki, na asali inauzwa. Wazo zuri, lakini mizinga pekee haiwezi kubeba mzigo wa kaunti nzima.

Kwa hivyo swali si kulinda au kutolinda. Ni kwa masharti ya nani. Malisho yabaki? Pesa za watalii na kaboni zinaingia mfuko gani? Nani anakagua hesabu?

Hapo ndipo unapoingia wewe. Muulize babu au shangazi kama familia ina hisa kwenye ranchi. Kama zipo, nenda mkutano mkuu wa mwaka, usiwaachie wazee wachache wapige kura peke yao. Hisa hizo utazirithi wewe, na nyika hiyo pia.