Kisu cha Tabora

Katika juma la pili la likizo, mwanafunzi mmoja wa mtaa wa Manika, hapa Kolwezi, alifika kwetu na kitu kilichofungwa katika kitambaa. Akakifungua juu ya meza. Kilikuwa kisu cha kukunja, cha kutiwa mfukoni, mpini wake wa mti umekwisha kuwa mweusi kwa kushikwa, na mgongoni mwake pete ndogo ya chuma.

"Mwalimu," akasema, "baba anaomba mtuambie kisu hiki ni cha wapi na cha miaka gani. Tusipojua, baba na baba mkubwa hawatasemezana tena."

Maneno hayo yalikuwa mazito kwa kisu kidogo namna ile. Tulimketisha, akatueleza. Babu yake, aliyefariki majira ya mvua iliyopita, alikuwa mfanyakazi wa mgodi wa Musonoi tangu siku za Union Minière, kabla serikali haijaitwaa mali ya kampuni hiyo mwaka wa 1967. Kisu alikipokea kwa baba yake mzazi, aliyekuwa mpagazi wa askari wa Kongo katika vita vya 1914-1918. Majeshi hayo yaliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na mpagazi wetu akarudi nyumbani na kisu. Tangu hapo jamaa yote hukiita Kisu cha Tabora. Mzee alipougua alimwachia mwanawe mdogo, baba wa kijana huyu, kwa kuwa ndiye aliyemwuguza. Lakini mwana mkubwa, akaaye Likasi, alipofika matangani alikishika, akakigeuza, akasema mbele ya watu: "Hiki sicho. Kile nilikishika mimi nikiwa mtoto, na mpini wake ulikuwa na doa la moto. Ndugu yangu, umekiuza kile, ukaweka hiki mahali pake."

Basi, kwa kuwa wasomaji wengi wanavyo visu vya wazee katika masanduku yao, yafaa tueleze jinsi tulivyokichungua.

Kwanza hatukukipiga tupa wala msasa. Wengi hufanya hivyo kwa nia njema, wakaufuta ushuhuda wote pamoja na kutu. Tulikipaka mafuta kidogo, tukakiacha usiku mmoja, kisha tukakifuta kwa kitambaa. Baada ya hayo hutazamwa mahali pamoja tu: shina la ubapa, karibu na ribiti linaposhika mpini. Hapo ndipo mfua visu apigapo chapa yake, na mara nyingi jina la mji wake: Sheffield ni Uingereza, Solingen ni Ujerumani, Thiers ni Ufaransa, Gembloux ni Ubelgiji. Chapa ya jina la nchi nayo ina historia yake. Mwaka wa 1887 Waingereza walitunga sheria kwamba bidhaa za kigeni ziingiazo kwao zisidanganye watu juu ya mahali zilipotengenezwa. Ndipo maneno ya "Made in Germany" yalipoenea duniani. Kadhalika, kisu kilichoandikwa "inox", yaani chuma kisichoshika kutu, hakiwezi kuwa cha karne ya 19, kwa maana huko Sheffield chuma cha namna hiyo kilipatikana mwaka wa 1913. Tena upime ubapa na nafasi yake ndani ya mpini. Ukiwa mwembamba kuliko nafasi ile, jua ya kuwa kinoo kimeula miaka mingi.

Kisu chetu hakikuwa na kutu nyingi, na ubapa wake uliijaza nafasi yake barabara. Jambo hilo lilitutia mashaka kidogo, lakini chapa ikatufurahisha, kwa maana tulisoma: OKAPI.

Okapi ni mnyama wetu, wa misitu ya Ituri, mwenye milia miguuni, ambaye wataalamu wa Ulaya hawakumjua mpaka mwaka wa 1901. Mwaka uliofuata Wajerumani wa Solingen walilitwaa jina lake wakaliweka juu ya kisu cha kukunja, cha bei nafuu, walichokitengeneza kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni yao ya Afrika. Na Tabora ilikuwa mji mkubwa wa koloni lao la Afrika ya Mashariki! Jina limetoka Kongo, limekwenda Ujerumani, limerudi Tabora, na mpagazi wa Katanga amelileta kwao. Tulikwisha kuandaa maneno mazuri ya kumwambia kijana.

Ndipo tulipougeuza ubapa upande wa pili. Kwa kioo cha kukuzia tuliona neno "Germany", na mbele yake herufi moja, W.

Wasomaji waliosoma historia wamekwisha kufahamu. Ujerumani ya Magharibi haikuwako kabla ya mwaka wa 1949, wala haikuitwa hivyo tena baada ya nchi hiyo kuungana mwaka wa 1990. Kisu chenye herufi ile hakikuiona vita ya 1916. Baba mkubwa alikuwa amesema kweli: hicho sicho.

Twakiri ya kuwa tulikaa na habari hiyo siku mbili. Tungeweza kusema kwamba chapa haisomeki. Lakini tulikuwa tumeulizwa, tena tuliulizwa na yule ambaye jibu lingemwangukia. Jumapili tulikwenda Manika. Ndugu wote wawili walikuwapo. Tukawaeleza kama tulivyoeleza hapa, na kioo tukawapa watazame wenyewe.

Mkubwa akasimama. "Mmesikia," akasema. Mdogo hakujibu neno. Alitazama mikono yake tu.

Dada yao alikuwa jikoni akisonga bukari. Akaja mlangoni, mwiko ungali mkononi. "Keti, kaka," akasema. "Kisu mlichokitupa nakijua mimi."

Akasimulia. Mwezi wa Mei 1978, vita ilipoingia Kolwezi, yeye alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kaka yake mkubwa alikuwa shuleni Likasi. Mdogo alikuwa angali mgongoni mwa mama. Watu wenye silaha walipita nyumba kwa nyumba wakipekua. Usiku mmoja waliwasikia kwa jirani. Baba yao alikitoa kisu cha Tabora chini ya godoro, akamwambia binti ashike taa, wakaenda chooni nyuma ya nyumba, akakitumbukiza. "Akasema, kisu kisiwe sababu ya watoto kukosa baba. Kisha akalia. Sikuwa nimemwona akilia."

Vita ilipokwisha, babu yao, yule mpagazi, alikuwa bado hai kijijini, mzee asiyeona tena. Kila mwanawe alipokwenda kumsalimu huuliza habari za kisu chake. Mwaka uliofuata baba yao alinunua kingine katika soko la Likasi, akakisugua kwa majivu na mafuta siku nyingi mpaka mpini ukawa mweusi, akampelekea. Mzee alikipapasa kwa kidole gumba, mpini wote, polepole, hasa pale palipokuwa na doa la moto. Akanyamaza. Kisha akakirudisha akasema, "Kitunze."

"Tangu siku ile," akasema dada, "baba hakukitoa tena sandukuni. Nami aliniapisha."

Sufuria ilianza kunuka moshi, lakini hakuna aliyeondoka. Hatimaye mkubwa akauliza choo kile kilikuwa wapi. Dada akaonyesha kwa mwiko: pale, penye mwembe. Kaka akapatazama kitambo kirefu. Huko Kasulo, tangu mwaka wa 2014, watu wamechimba hata chini ya vyumba vyao wakitafuta kobalti. "Wakija kuchimba hapa," akasema, "waambieni kisu ni changu."

Mdogo akacheka, naye hakuwa amecheka tangu matanga.

Kisha mkubwa akakichukua kisu mezani, akakifungua, meno ya kufuli yake yakalia moja moja. Akaokota embe, akalikata vipande viwili, akampa ndugu yake kimoja. Kijana wetu, ambaye hapendi jambo libaki bila jina, akauliza kama kitaendelea kuitwa Kisu cha Tabora.

"La," akasema baba mkubwa, mdomo umejaa embe. "Hiki ni cha Likasi."