Aliyekwenda kusoma hajahama kwao

Wahenga walinena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hiyo ya mabaharia wa pwani inawafaa pia watu wa ufuo wa Ziwa Viktoria, ambao tangu zamani wamezoea kuvuka maji na mipaka kutafuta samaki, kazi na elimu, kisha wakarejea makwao. La kusikitisha ni kwamba kijana wa Kisumu aliyevuka mpaka kwenda kusoma, akirudi na kuomba msaada wa karo, huweza kuikuta ngama imefungwa. Huambiwa kwamba yeye si mkaazi.

Tumchukulie, kwa mfano, msichana wa Nyakach aliyemaliza kidato cha nne wakati wazazi wake hawana uwezo. Mjomba wake anayefanya kazi Kampala akamchukua na kumlipia karo katika chuo cha huko. Baada ya miaka miwili kazi ya mjomba ikaisha. Msichana akarudi nyumbani, akapata nafasi katika chuo kikuu kilicho karibu, kisha akaenda kuchukua fomu ya basari ya wadi yake. Fomu inataka muhuri wa chifu na wa naibu wake kuthibitisha kwamba mwombaji ni mkaazi. Naibu wa chifu ni mgeni katika kata ndogo hiyo na hamjui. Jina la msichana halimo katika daftari la wapiga kura, kwa kuwa alipotimiza umri alikuwa Kampala. Wanakamati nao wananong'onezana kwamba huyo ni mtu wa Uganda, na kwamba mwenye mjomba wa kumsomesha ng'ambo hawezi kuwa fukara. Fomu inarudi bila muhuri.

Msichana huyo ni wa mfano tu, lakini msomaji hatashindwa kumtambua miongoni mwa jirani zake.

Yafaa ieleweke kwamba milango ya msaada ni mitatu, na kila mmoja una ufunguo wake. Wa kwanza ni Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ambayo hutazama uraia na uhitaji wa mwombaji. Wa pili ni ufadhili wa Serikali chini ya mfumo uliotangazwa Mei 2023, unaochanganya ruzuku, mkopo na mchango wa familia. Huo ulikusudiwa waliopangiwa nafasi katika vyuo vya umma, na aliyeanza masomo nchi nyingine hakupitia njia hiyo. Wa tatu ni basari za Hazina ya Ustawi wa Maeneobunge na za kaunti, na hapo ndipo ukaazi unapokuwa kila kitu. Kaunti ya Kisumu ina maeneobunge saba na wadi 35. Kwa maskini, mlango huo wa tatu ndio ulio karibu zaidi, maana haumhitaji kusafiri hadi Nairobi.

Ajabu ni kwamba mkopo wa elimu ya juu nchini mwetu ulizaliwa kwa ajili ya wasafiri. Mwaka 1952, chini ya serikali ya kikoloni, ilianzishwa hazina ya kuwakopesha Wakenya waliokwenda kusoma nje ya Afrika Mashariki, katika nchi kama Uingereza, Marekani na India. Kuanzia mwaka 1959 Tom Mboya, mwana wa kisiwa cha Rusinga, aliwapeleka Marekani mamia ya vijana kwa ndege, naye Jaramogi Oginga Odinga akawatafutia wengine nafasi katika nchi za Ulaya ya Mashariki. Katika mwaka wa masomo wa 1974/75 Serikali ilianzisha mpango wa mikopo kwa Wakenya waliokuwa katika vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere na Dar es Salaam. HELB yenyewe iliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1995. Katika historia yote hiyo hakuna aliyedhani kwamba kijana akivuka Busia na vitabu vyake amelikana boma la babake.

Hata hivyo, haki inatutaka tuutazame upande wa pili. Sharti la ukaazi halikuwekwa kwa uonevu. Fedha za wadi ni chache, na waombaji ni wengi kupita kiasi. Pasipo sharti hilo, mjanja angeomba basari Seme, akaomba Muhoroni, kisha akaomba tena Nairobi anakoishi na shangazi yake. Wala haifai mtu aliyehama kwa hakika, na ambaye watoto wake wamekulia kwingine, arudi siku ya kugawa fedha tu. Kamati ina wajibu wa kuuliza: huyu ni wetu? Kosa langu si kwa swali hilo, bali kwa namna linavyojibiwa. Tumechanganya mahali mtu alipolala mwaka jana na mahali palipo kwao.

Watu wa ufuo huu wangepaswa kuwa wa mwisho kuchanganya mambo hayo mawili. Sehemu ya Kenya katika Ziwa Viktoria ni kama asilimia sita tu. Sehemu kubwa ni ya Uganda na Tanzania. Samaki hawasomi ramani, na mvuvi huwafuata. Wapo wavuvi wetu wanaokaa miezi mingi katika visiwa vya mbali, na watoto wao wakasoma huko. Hakuna anayesema kwamba wavuvi hao wamehama. Dala, yaani boma la ukoo, linawangoja, na siku ya msiba hurejeshwa hapo.

Jambo hilo limewahi kufika mbele ya majaji. Wakili S. M. Otieno alipofariki Desemba 1986, alikuwa ameishi na kufanya kazi Nairobi kwa miaka mingi. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Katika kesi hiyo ilielezwa kwamba nyumba ni kitu kimoja, na nyumbani ni kitu kingine. Mei 1987 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na ukoo, na marehemu akazikwa Siaya. Wengi waliona kwamba haki ya mjane ilipuuzwa, na mjadala huo haujaisha. Lakini tafakari, msomaji: ikiwa miaka mingi ya kuishi Nairobi haikuweza kumng'oa wakili yule kwao, itakuwaje miaka miwili ya masomo Kampala imng'oe msichana wa Nyakach? Tunamtambua mwenzetu akiwa jenezani, tunamkana akiwa na fomu ya karo mkononi.

Wenzetu nao wamewahi kulikuta fumbo hili. Huko Uingereza, sheria iliwataka waombaji wa ruzuku ya masomo wawe wakaazi wa kawaida wa nchi hiyo kwa miaka mitatu kabla ya kuanza kozi. Mabishano kuhusu maana ya maneno hayo yalifika katika baraza la juu kabisa la sheria, na hukumu ya Shah dhidi ya Halmashauri ya Barnet ikatolewa Desemba 1982. Jaji Scarman alieleza kwamba ukaazi ni makao ambayo mtu ameyachagua kwa hiari na kwa shabaha thabiti, kama sehemu ya mpango wa kawaida wa maisha yake kwa wakati ule. Elimu yaweza kuwa shabaha hiyo. Mtu aweza kuwa na makao mawili kwa wakati mmoja. Na kutokuwapo kwa muda hakuvunji ukaazi. Hukumu hiyo iliwanufaisha wageni waliokuwa wakisoma huko, na haikuipendeza serikali, ambayo baadaye ilibadili kanuni zake. Kuna mafunzo mawili hapo. La kwanza, kuondoka kwa muda si kuhama. La pili, serikali ikitaka kumfungia mtu mlango, na iandike hivyo waziwazi katika kanuni. Haifai uamuzi huo uachiwe minong'ono ya wanakamati.

Aidha, tunapaswa kujiuliza maana ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na Mei 2017 marais wa nchi wanachama walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Haina maana kumhimiza kijana asome popote katika eneo hilo, kisha kumwadhibu kwa kuitikia mwito.

Mapendekezo yangu ni machache. Kwanza, kila kamati ya basari iandike katika kanuni zake kwamba kutokuwapo kwa sababu ya masomo, matibabu, au kazi ya mzazi hakumwondolei mtu ukaazi, mradi familia yake ina makao katika wadi. Pili, ushahidi uwe wa aina nyingi: kitambulisho cha mzazi, cheti cha shule ya msingi aliyosoma, barua ya mzee wa kijiji au ya kanisa au msikiti, pamoja na barua ya chuo alikotoka. Daftari la wapiga kura lisiwe kipimo. Basari si zawadi ya kura. Tatu, mwombaji aandike tamko kwamba hajapewa msaada kwingine, na akisema uongo arudishe fedha. Hiyo ndiyo dawa ya mjanja, na haimdhuru mkweli. Nne, anayenyimwa apewe sababu kwa maandishi na nafasi ya kukata rufaa. Hilo si fadhila. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinadai maamuzi ya kiutawala yawe ya haki, na sheria ya mwaka 2015 imefafanua namna ya kukitekeleza.

Pengine msomaji atasema kwamba mifuko yenyewe imetikisika. Ni kweli kwamba Septemba 2024 Mahakama Kuu iliitangaza sheria ya Hazina ya Ustawi wa Maeneobunge kuwa kinyume cha Katiba, na Desemba mwaka huohuo ikasema vivyo hivyo kuhusu mfumo mpya wa kufadhili vyuo vikuu. Maamuzi yote mawili yakakatiwa rufaa. Lakini fedha zikishikwa na mbunge, na gavana, au na bodi ya Nairobi, bado atakuwapo karani mwenye fomu, na fomu itauliza: unatoka wapi?

Msichana wetu wa Nyakach ana jibu. Alizaliwa hapa, babu zake wamezikwa hapa, na elimu aliyoifuata alikusudia kuirudisha hapa. Amekwenda tezi, amekwenda omo, na sasa amerejea. Tumfungulie ngama.