Anayekwenda Kusoma na Anayebaki

Ni jambo la kutia moyo kuona kwamba katika visiwa vyetu mzazi anaposikia neno chuo kikuu halazimiki tena kufikiria safari ya mbali. Kijana wa Makunduchi au wa Micheweni aliyefaulu mitihani yake anaweza kusomea shahada hapa hapa nyumbani. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ambacho wengi wetu tunakiita SUZA, kiliundwa kwa Sheria Namba 8 ya mwaka 1999 na kikaanza kufundisha mwaka 2001. Ndani yake imo Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, ambayo historia yake inarudi hadi mwaka 1978. Vyuo vya Serikali vilivyokuwa vikisimama peke yake, kama kile cha sayansi za afya cha Mbweni na kile cha utalii cha Maruhubi, navyo viliunganishwa nacho. Na kwa upande wa Pemba, ipo kampasi ya Mchanga Mdogo.

Haya ni maendeleo, na hapana mwananchi mwenye nia njema atakayeyabeza. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba chuo si kuta wala mapaa. Chuo ni mwalimu anayefundisha, mkutubi anayejua kitabu kilipo, fundi wa maabara anayetayarisha vifaa, karani anayetunza kumbukumbu za matokeo, na mlinzi anayekesha langoni. Majengo yakichakaa hutiwa rangi yakapendeza tena. Watu wakichakaa, rangi haisaidii. Ni juu ya watu hawa, elimu yao na afya yao, ndipo tunapotaka kusema leo.

Mtu anaweza kuuliza: mwalimu wa chuo kikuu amekwisha soma, anahitaji kusomeshwa nini tena? Swali hili husikika mara kwa mara, na hata katika baadhi ya ofisi zinazopanga bajeti. Jawabu lake ni jepesi. Aliyesomea udaktari, kilimo au hesabu za fedha miaka 20 iliyopita na asijifunze tena, leo anawafundisha vijana mambo ambayo mengine yamekwisha kupitwa na wakati. Tena, chuo kilichokuwa kikitoa vyeti na stashahada kinapogeuka kuwa sehemu ya chuo kikuu, mwalimu aliyeajiriwa kwa kazi ile ya kwanza hujikuta mbele ya kazi nyingine. Anatakiwa afundishe shahada, asimamie utafiti, na yeye mwenyewe awe na shahada ya uzamili au ya uzamivu. Hakosi uwezo. Anachokosa ni nafasi ya kujiendeleza.

Ulimwengu umelitambua jambo hili zamani. Chuo Kikuu cha Harvard, huko Marekani, kilianza mwaka 1880 utaratibu wa kumpumzisha profesa na ufundishaji katika mwaka wake wa 7, ili apate kusoma na kutafiti. Mwezi wa Novemba 1997, Mkutano Mkuu wa UNESCO ulipitisha Pendekezo kuhusu Hadhi ya Walimu wa Elimu ya Juu, na humo likatajwa wazi suala la kuwapa walimu hao likizo ya masomo na utafiti kila baada ya muda maalumu, kwa malipo kamili au ya sehemu.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa faida yake. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tunzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aliishi maisha yake ya kazi akiwa mwalimu wa chuo kikuu, na alistaafu katika Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, mwaka 2017. Riwaya yake ya Paradise, iliyotoka mwaka 1994 na kulitangaza jina lake, ilichipuka kutokana na safari ya utafiti aliyoifanya Afrika Mashariki kiasi cha mwaka 1990. Mwalimu aliyepata wasaa wa kusafiri na kutafiti alirudi na kitu ambacho darasani peke yake asingekipata.

Basi tunaipongeza Serikali, na tunavipongeza vyuo vyetu, kwa kila mfanyakazi aliyepelekwa kusoma. Lakini pongezi hizo hazituzuii kulisema jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Kila tunapomsindikiza bandarini au uwanja wa ndege mwalimu anayekwenda masomoni, tunamtazama yeye tu. Hatumtazami yule anayebaki.

Tuchukue mfano wa hesabu nyepesi. Idara ina walimu 6, na kila mmoja anafundisha masomo 3. Jumla ni masomo 18. Walimu 2 wanapata nafasi ya kusomea uzamivu, safari ya miaka 3 au 4. Masomo hayakupungua, bado ni 18. Wanafunzi nao hawakupungua, na pengine wameongezeka. Waliobaki ni 4, na kila mmoja sasa anabeba masomo 4 na nusu. Ikiwa kila somo lina wanafunzi 80, basi aliyekuwa akisahihisha karatasi 240 za mtihani sasa anasahihisha 360. Mshahara ni ule ule, siku ni zile zile, na macho ni yale yale mawili.

Hapa ndipo mambo mawili ambayo aghalabu hutengwa, yaani mafunzo ya wafanyakazi na afya zao, yanapokutana na kuwa jambo moja. Mafunzo ya mtu mmoja, yakipangwa vibaya, huwa maradhi ya mwenzake. Anayebaki hulala usiku wa manane, huacha kutembea na kufanya mazoezi, hula kwa haraka au hakumbuki kula, na utafiti wake mwenyewe huuweka kabatini. Baada ya miaka 4 mwenzake anarudi na shahada mpya, na yeye anabakia na shinikizo la damu. Kisha anaambiwa kwamba hakupandishwa cheo kwa sababu hana maandishi yaliyochapishwa.

Hatusemi haya kwa kutia chumvi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Ulimwenguni na Shirika la Kazi Ulimwenguni yalitangaza kwa pamoja kwamba mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki yumo katika hatari ya kupata kiharusi inayozidi kwa asilimia 35 ile ya anayefanya kazi saa 35 hadi 40. Mashirika hayo yalikadiria kwamba katika mwaka 2016 watu 745,000 duniani walikufa kwa kiharusi na maradhi ya moyo yaliyohusiana na saa nyingi za kazi. Miaka miwili kabla ya tangazo hilo, yaani mwaka 2019, Shirika la Afya Ulimwenguni lilikubali kwamba kuchoka kupita kiasi kutokana na msongo wa kazi usiodhibitiwa ni hali inayotokana na kazi yenyewe. Kwa hiyo haistahili kuchukuliwa kuwa ni uvivu wala udhaifu wa tabia.

Tunajua jawabu litakalotolewa na wahusika: fedha hazitoshi. Ni kweli kwamba visiwa vyetu ni vidogo na mahitaji ni mengi. Mwalimu wa skuli anadai, daktari anadai, barabara inadai. Lakini gharama isiyoandikwa katika vitabu nayo ni gharama. Mfanyakazi aliyesomeshwa kwa miaka mingi akaugua na kulala kabla ya wakati wake ni hasara kwa Hazina. Mwanafunzi aliyefundishwa na mwalimu aliyechoka ni hasara ambayo wananchi wataiona hospitalini, mahakamani na katika skuli zao miaka 10 baadaye.

Liko pia lalamiko la pili, nalo tunalikubali: wako waliopelekwa kusoma kwa fedha za umma na wasirudi. Huu ni usaliti mdogo au mkubwa, kwa kadiri ya mtu atakavyoupima. Mkataba wa kurudi kutumikia ni jambo la haki, na uheshimiwe. Hata hivyo, mkataba nao una pande mbili. Anayerudi akakuta hana meza, hana maabara, na kazi aliyosomea imepewa mwengine, huanza kuitazama bahari upya. Kumfunga mtu kwa karatasi ni rahisi. Kumfunga kwa kazi yenye maana ndiko kunakodumu.

Kwa hiyo basi, gazeti hili linatoa mapendekezo haya, ambayo hayahitaji miujiza.

Kwanza, ruhusa ya masomo isitolewe mpaka ijulikane nani atashika nafasi inayoachwa. Pawe na fungu la bajeti la walimu wa muda. Wako walimu wastaafu wenye nguvu na akili timamu. Wako wazalendo wetu walioko nchi za nje wanaotamani kuja kufundisha kwa muhula mmoja. Na viko vyuo vikuu vyengine hapa hapa visiwani, vinavyoweza kuazimana walimu badala ya kushindana. Na pale ambapo mwenye kubaki hana budi kubeba somo la ziada, alipwe, na uwekwe mpaka ambao mzigo wake hautauvuka.

Pili, mpango wa mafunzo uandikwe na ubandikwe mahali ambapo kila mfanyakazi atausoma. Ajulikane anayekwenda mwaka huu, anayefuata, na kwa kigezo gani. Nafasi ya masomo inayosikika kwa minong'ono huzaa fitina, na fitina ni sumu ya kazi. Aliyebaki mwaka huu akijua kwa hakika kwamba zamu yake ni mwaka kesho kutwa, atabeba mzigo kwa moyo mkunjufu. Mtu hachoshwi na kazi tu. Huchoshwa zaidi na kutokujua mwisho wake.

Tatu, mafunzo yasiwe ya wahadhiri peke yao. Mkutubi, fundi wa maabara, karani, mhasibu, dereva na mlinzi nao ni wafanyakazi wa chuo kikuu. Karani aliyefundishwa vyema kutumia kompyuta humpunguzia mwalimu kazi na humpunguzia mwanafunzi safari za bure. Kozi fupi ya wiki mbili kwa hao haigharimu hata robo ya tiketi moja ya kwenda Ulaya na kurudi.

Nne, Pemba isikumbukwe mwisho. Kozi na mikutano ikifanywa Unguja kila mara, mfanyakazi wa Mchanga Mdogo hupanda boti, hulala ugenini, na hurudi akiwa amepoteza siku mbili kwa mafunzo ya siku moja. Hapana sababu ya mkufunzi mmoja kutovuka bahari ili wafanyakazi 30 wasivuke.

Tano, afya ilindwe kabla haijaharibika. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya mwaka 2005, na tunao Mfuko wa Huduma za Afya ulioanzishwa mwaka 2023. Chuo kinaweza kupanga siku moja kila mwaka kwa kila mfanyakazi kupimwa shinikizo la damu, sukari na macho. Kinaweza kuweka mtu wa kutoa ushauri nasaha, ambaye mfanyakazi atamwendea bila ya kuogopa kuitwa mwendawazimu. Vyuo vinavyowafundisha wauguzi na waganga havikosi watu wa kuifanya kazi hiyo.

Na katika jambo la mazoezi, visiwa vyetu vina hazina yake. Kila tarehe mosi Januari vikundi vya mazoezi hukutana kuiadhimisha Siku ya Mazoezi ya Viungo, wazee kwa vijana, wanawake kwa wanaume. Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku 5. Vikundi vyetu vya mitaani vinalifanya hilo pasipo gharama kubwa. Kinachotakiwa chuoni ni uwanja, na saa ya jioni ambayo mkuu wa idara hataitisha kikao.

Wafanyakazi wenyewe nao wana wajibu. Anayekwenda kusoma akumbuke kwamba anasoma kwa jasho la mwenzake aliyemshikia darasa, na kwa kodi ya mvuvi na ya mkulima wa karafuu. Akirudi, asiifungie elimu yake katika mkoba. Awakusanye wenzake, awaeleze alichokiona, na ashike masomo ya yule ambaye zamu yake ya kwenda imefika. Hivyo ndivyo elimu inavyozunguka kama ndoo ya kisimani.

Tunatoa mwito kwa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, kwa wakuu wa vyuo, na kwa waheshimiwa wajumbe wa Baraza la Wawakilishi: bajeti ya elimu ya juu itakapofika mbele yenu, ulizeni wangapi wanakwenda kusoma, kisha ulizeni swali la pili, nani ameshika nafasi zao. Wahenga walisema, punda afe mzigo ufike. Kwa gunia la nazi huenda likawezekana. Kwa chuo kikuu haliwezekani, maana hapo mzigo wenyewe umo kichwani mwa anayeubeba. Akianguka yeye, hakitafika kitu.