Asilimia 25 ya nini? Shein na ahadi zake

Leo naomba tufanye hesabu jamani. Si hesabu ya kutisha, ni asilimia tu, ile tuliyofundishwa shule ya msingi.

Shein, ile kampuni ya kuuza nguo mtandaoni iliyoanzia China na ambayo makao makuu yake sasa yako Singapore, inasema itapunguza gesijoto zake kwa asilimia 25 ifikapo mwaka 2030. Mwaka 2050 eti itakuwa imefika sifuri. Mwaka 2025 malengo hayo yakapigwa muhuri na SBTi, taasisi ya kimataifa inayokagua ahadi za makampuni kuhusu tabianchi. Mie nina swali moja: asilimia 25 ya nini?

Maana asilimia haisimami peke yake, lazima iegemee mahali. Ahadi ya kwanza waliyoitoa mwaka 2022 iliegemea mwaka 2021. Hii iliyopigwa muhuri inaegemea mwaka 2023. Na 2023 ulikuwa mwaka gani? Kwa ripoti yao wenyewe ya Agosti 2024, ndio mwaka gesi zao zilipopanda kwa asilimia 81, kutoka tani milioni 9.2 hivi hadi milioni 16.7! Sasa toa robo kwenye 16.7. Inabaki 12.5. Yaani hata wakifanikiwa bila kuteleza, mwaka 2030 watakuwa bado wanachafua anga kuliko walivyochafua 2022. Ni kama mtu aliyenenepa kutoka kilo 50 hadi 90, kisha akaapa mbele ya mashahidi kwamba atashuka hadi 68, nasi tukampigia makofi.

Sisemi wameghushi kitu. Tarakimu ni zao, wamezitoa wenyewe. Ninachosema ni kwamba mtu ukiachiwa uchague mahali pa kuanzia kupimwa, utachagua siku uliyoshiba.

Haya, gesi hizo zinatoka wapi? Sehemu kubwa ni kutengeneza vitambaa na kushona, kama ilivyo kwa kampuni yoyote ya nguo. Lakini Shein ana ugonjwa wake wa pekee, nao unaitwa ndege. Nguo zinashonwa kwenye viwanda vidogo vidogo vya Guangzhou, zinatiwa kwenye kifuko kimoja kimoja, na kwa sehemu kubwa zinarushwa hadi mlangoni kwa mteja ng'ambo. Wengine wanajaza makontena na kungoja meli, ambayo kwa kila tani inayobeba inatoa gesi kidogo sana ukilinganisha na ndege. Mwaka 2023 usafirishaji peke yake ulikuwa asilimia 38 ya gesi zote za Shein. Mwaka 2024 ukaongezeka tena kwa asilimia 13.7, ukafika tani milioni 8.52. Inditex, wenye maduka ya Zara dunia nzima, mwaka huohuo usafirishaji wao ulikuwa tani milioni 2.61. Zidisha kwa tatu, bado hujamfikia Shein.

Wanaomtetea wana hoja yao. Wanasema Shein anaanza na vipande 100 au 200 tu vya kila mtindo, anaangalia kama vinauzika, ndipo anaongeza, kwa hiyo hatupi nguo zilizododa ghalani. Sawa, naikubali, ni akili ya biashara. Lakini hewa haiulizi kama nguo ilidoda au iliuzwa. Ghala likiwa tupu kwa sababu kila kitu kimepanda ndege, gesi zimepungua vipi?

Waitaliano hawakumung'unya maneno. Agosti 2025 mamlaka yao ya ushindani ilipiga faini ya euro milioni moja kampuni inayoendesha tovuti za Shein Ulaya, kwa madai ya kimazingira yanayopotosha. Walitaja hadharani ahadi hiyohiyo ya asilimia 25, wakasema inapingana na gesi zilizopanda 2023 na 2024. Euro milioni moja kwa Shein ni hela ya vocha, lakini angalau serikali moja ilisoma ripoti hadi mwisho. Kilichowagusa mfukoni kweli ni forodha. Marekani ilipofuta msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya chini ya dola 800 kutoka China, Mei 2025, bei zilikuwa zimeshapandishwa wiki moja kabla. Ahadi za tabianchi hazijawahi kuwakimbiza namna hiyo.

Najua kuna atakayeniuliza, wewe wa Dar yanakuhusu nini ya wanunuzi wa Paris? Yananihusu kwa sababu ya robota. Mwaka 2023 robo tatu ya vitambaa vya Shein ilikuwa poliesta, yaani plastiki itokanayo na mafuta, na wenzake wengi wa nguo za bei poa hawako mbali. Nguo hiyo ikichokwa Ulaya inakuja huku. Februari 2023 shirika la Changing Markets lilikadiria kwamba Kenya peke yake inapokea kwa mwaka zaidi ya vipande milioni 300 vya mitumba ya plastiki visivyouzika. Wafanyabiashara wa mitumba wa huko wanaikataa vikali hesabu hiyo, na nawaelewa, ni ugali wao. Lakini muulize mama yeyote wa Gikomba au Karume anayenunua robota limefungwa, bila kuona ndani. Kamera zinapungua, fagia inaongezeka, na hasara ni yake, si ya aliyeshona.

Sasa nyie wenzangu mlioko vyumba vya habari, ripoti ijayo ikitoka msinakili asilimia kutoka kwenye taarifa yao. Waulizeni: tani ngapi mwaka jana, tani ngapi mwaka huu, na ngapi kati ya hizo zilipanda ndege?